Kumi na Tano Haipo

Mia mbili kumi na nne, mia mbili kumi na sita:
ndivyo ilivyoandikwa kwenye vikopo vya kujaribia
tulivyonunua Majengo, dukani kwa Temba.
Kumi na tano haipo, alisema akijikuna shingo,
kiwanda kimeacha kuileta,
lakini nani atajua, mama? Hizi ni ndugu.

Chumba chenyewe ni futi kumi kwa kumi na mbili,
huku Nzuguni, dirisha linatazama mashariki
na rundo la matofali ya jirani
yanayosubiri mwenyewe apate mkopo.

Fundi Chedego akapaka viraka viwili ukutani,
akarudi nyuma, akakunja mikono.
Haya, chagueni.
Tukatazama.
Ilikuwa kama kuonyeshwa pacha
ukaulizwa yupi ametoka kuoga.

Nyemo akasema cha kushoto ni maziwa.
Nikasema maziwa gani? Ya asubuhi,
au yaliyosahauliwa jikoni yakaota utando?
Akasema basi cha kulia ni dona.
Nikasema dona ni hicho hicho cha kushoto;
cha kulia ni uwele uliopepetwa mara moja tu,
mtu akaona inatosha, akaenda kulala.
Miaka kumi na moja ya ndoa
na sikujua mume wangu hajui unga.

Saa moja asubuhi jua likaingia,
cha kushoto kikaona haya, kikawa na wekundu wa kucha.
Saa sita vyote vikapotea
kama chumvi ndani ya mlenda.
Usiku umeme ukakatika,
tukavimulika kwa tochi ya simu
na cha kulia kikawa kijani, naapa, kijani,
Nyemo akacheka mpaka mtoto akaamka.

Chedego hakucheka.
Alikuja kila siku, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
akipiga msasa ubao usiohitaji msasa.

Kisha upepo wa Agosti ukaingia bila hodi,
ukapaka viraka vyote rangi yake.
Nikachukua kitambaa cha maji, nikafuta,
nikajikuta nakifuta zaidi kile ninachokitaka.

Hatukusema kwamba chumba ni cha mama yake,
anayehama Kongwa sasa mavuno yamekwisha.
Sikuuliza atakaa muda gani.
Hakuniambia.
Tulisema krimu. Tulisema kijivu.
Tulisema hii itaonyesha uchafu, ile itaonyesha giza.

Alhamisi Nyemo akaleta ndoo ya kumi na nne,
kimyakimya, akaificha nyuma ya mlango.
Alhamisi hiyo hiyo mimi nilikuwa nimeshaleta ya kumi na sita,
iko chini ya turubai, stoo.

Ijumaa tuliporudi kazini chumba kilikuwa kimekwisha,
kuta zote nne, na Chedego anaosha brashi.
Umepaka ipi?
Ile mliyochagua, akasema.
Nyemo akatabasamu. Na mimi nikatabasamu.
Tulikuwa tumeshamlipa na ameshapanda bodaboda
ndipo nikaona ndoo mbili tupu, zimepangwa moja ndani ya nyingine,
na mwiko wangu wa ugali,
ule mkubwa wa shughuli,
umesimama kwenye pipa la maji ya zege
ukiwa na rangi hadi shingoni.

Mama mkwe akafika jioni ile, siku mbili kabla ya ahadi,
na kuku mmoja, na karanga kwenye mfuko wa saruji.
Akaingia chumbani gizani akitafuta swichi.
Mbichi hii, akasema.

Vidole vyake vitano bado vipo, kando ya swichi,
na kiganja kidogo chini yake.
Nilimpigia Chedego aje kurekebisha.
Alisema hakumbuki alikoroga ngapi kwa ngapi,
na kwamba mwiko
ukisuguliwa kwa jivu utatakata.